Binti Niliyepewa kwa Kura

Mafunzo yalikuwa ya siku tano, kwenye ukumbi wa kata, na siku ya kwanza tu nilitaka kurudi nyumbani. Tulikuwa wanawake sita na wanaume wawili, wote watu wazima tuliokwisha kulea wa kwetu, na mkufunzi alikuwa kijana aliyetufundisha namna ya kumsifia mtoto. "Msifieni kwa jambo moja mahususi," alisema. "Siyo kumwambia wewe mzuri. Mwambie, nimependa ulivyofunga mlango taratibu." Mimi nimezaa watatu, nimewalea mpaka wamejitegemea, na sikumbuki hata mmoja wao aliyewahi kupongezwa kwa kufunga mlango.

Aliyeniingiza katika jambo hilo ni afisa ustawi wa jamii. Alikuwa mteja wangu. Mimi ni fundi cherehani, nina banda langu mbele ya nyumba, hapa Lumemo, Ifakara, na nilikuwa namshonea magauni yake ya kazini. Siku moja nikiwa nampima kiuno akaniambia kuna mpango mpya. Mabinti waliokinzana na sheria wasipelekwe wote shule ya maadilisho. Wengine wakae kwenye nyumba ya mtu, mmoja mmoja, karibu mwaka mzima, kwa malezi maalumu. Siyo kumpa kitanda na sahani tu. Kungekuwa na kadi ya alama, simu ya kila siku, mshauri wa kuzungumza na binti, na mama mzazi naye angefundishwa kwake ili mtoto akirudi akute mambo yamebadilika.

Wanangu walikwisha kuondoka. Mume wangu anaendesha trekta, na msimu wa kulima ukifika anahama kabisa nyumbani, anahamia mashambani. Nyumba ilikuwa kimya kuliko nilivyopenda. Nikasema nitajaribu. Nilisema hivyo nikiwa nimebana pini mdomoni, na hadi leo huwa najitetea kwamba siku ile sikuweza kusema kingine.

Siku ya kwenda kumchukua nilikuta mabinti wawili wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Wote walikuwa na miaka kumi na minne. Walikamatwa pamoja na kesi yao ilikuwa moja. Waliingia dukani kwa mwanamke mmoja mchana, mmoja kashika mfuko, mwingine akampiga mwenye duka begani kwa jiwe la mizani mpaka mfupa ukavunjika.

Mmoja wao, mrefu, mwenye mwanya, alisimama aliponiona. "Shikamoo mama," akasema, akanipokea mkoba. Mwingine alibaki amekaa, anabandua rangi ya benchi kwa ukucha, akanitazama viatu, kisha akarudi kwenye rangi yake. Nikajua huyu mrefu ndiye wangu, nikamshukuru Mungu.

Afisa akatoka, akanionyesha yule wa rangi ya benchi.

Nilimvuta afisa ndani, nikamuuliza kwa sauti ya chini. "Huyu ndiye aliyepiga?"

"Ndiye, mama."

"Na yule mwenye adabu anakwenda wapi?"

"Shule ya maadilisho."

"Mwanangu, hamkuchanganya mafaili?"

Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. Akanieleza kwamba hakimu aliona wote wawili wangefaa kwenda njia yoyote kati ya hizo mbili, lakini nyumba iliyokuwa tayari ilikuwa moja tu, ya kwangu. Na wenye mpango hawakutaka maofisa wachague. "Tukichagua wenyewe tutawapa walezi wale walio rahisi, halafu tutasema mpango umefaulu. Kwa hiyo tulipiga kura. Vikaratasi viwili kwenye kikombe."

"Kura," nikasema.

"Kura, mama. Ila hilo libaki humu humu."

Likabaki humo humo. Nilipanda bodaboda na binti niliyepewa, na nilipogeuka nilimwona yule mrefu bado amesimama palepale kando ya benchi, anatutazama.

Kadi ya alama ilikuwa karatasi ngumu ya manjano. Kuamka kwa wakati, alama kumi. Kutandika, tano. Kujibu vizuri unapoulizwa, kumi. Kwenda shule na kurudi kwa njia iliyokubaliwa, kumi na tano. Alama zikijaa, binti anapata kutazama tamthilia, au kwenda sokoni nami. Zikipungua, hapati. Hakuna kupiga, hakuna kufoka, hakuna kukumbushia ya jana. Mlezi akipandwa na hasira anatakiwa atoke nje atafute la kufanya mpaka zimtoke. Mwezi wa kwanza nilifagia uwanja mara nne kwa siku. Majirani walidhani nina mgeni mkubwa anakuja.

Binti alibishana juu ya kadi ile kama wakili. "Mama, nimebisha mara moja, siyo mbili. Ile ya pili nilikuwa naeleza." Au, "Mama, umeandika sikutandika. Nimetandika, ila nimelala tena juu yake." Nilikuwa na kazi za watu zimejaa mezani, na mimi nimesimama na kalamu najadili kama kulala juu ya kitanda kilichotandikwa ni kukitandua.

Halafu kulikuwa na simu. Kila siku saa mbili asubuhi, wateja wakiwa wameshakaa kwenye benchi la bandani, afisa alinipigia kunisomea orodha.

"Jana kabisha?"

"Kabisha."

"Kadanganya?"

"Kadanganya."

"Kalia?"

"Hajalia."

"Kavunja kitu?"

"Kavunja jagi. Anasema lilikuwa na ufa."

"Na wewe, kati ya hayo, lipi limekuudhi?"

"Yote. Andika yote."

Wateja walisikiliza kila neno. Mmoja aliniuliza siku hizo kama ningeweza kumsomea na mumewe ile orodha.

Mwezi wa tatu kwaya ya akina mama waliniletea vitambaa vya bluu niwashonee sare za Pasaka. Nilivipanga rafuni, nikaingia ndani kuinjika wali. Nilipotoka vipande viwili havipo. Binti amekaa kwenye kizingiti, anakula embe. Haikuchukua muda kujua. Wenzake wa zamani walikuwa wamepita ng'ambo ya uzio, wale ambao utaratibu ulikataza asionane nao, na yeye akawapa. Hakuwa na cha kunieleza zaidi ya kwamba walimwomba.

Mwenyekiti wa kwaya alikuja bandani. Hakupaza sauti. "Mwizi umemweka ndani kwa hiari yako," alisema, "na sisi tutaimba Pasaka tumevaa kila mtu lake."

Nilikwenda kufagia. Kisha nikampigia afisa, akaniambia alama zikatwe na binti aende mwenyewe kuomba radhi. Basi tukaenda, nyumbani kwa mwenyekiti, mimi mbele yeye nyuma. Binti alisimama katikati ya sebule ya watu, akasema, "Nimekuja kuomba samahani. Nikiomba vizuri napata alama ishirini."

Mwenyekiti alinigeukia. "Alama gani?"

Nikamweleza, kadi na yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi na mimi uniandikie," akasema, "maana nakuvumilia wewe." Kitambaa cha kufidia nilikitafuta mwenyewe, bluu haikulingana, na wale wawili walioshonewa hicho, mstari wa mwisho, walionekana kama wamehama kutoka kwaya nyingine.

Mwezi wa tano alitoroka. Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake mama yake mzazi alikuwa aje kutoka Mang'ula kumtembelea kwa mara ya kwanza. Saa tisa akawa hajarudi shule, saa kumi akawa hajarudi. Nilimpigia afisa kama utaratibu unavyosema, simu haipatikani. Vijana wa bodaboda waliniambia wamemwona anaelekea mtoni na sare yake. Nikapanda, nikawaambia twende Kivukoni.

Siku hizi magari yanapita juu darajani, lakini chini pale, kwenye gati la kivuko cha zamani, wavuvi bado wanafikisha mitumbwi, na wanawake wanakausha samaki. Nilimkuta kati yao, mikono ya sare kaikunja, kashika kisu, anapasua kambale. Kile kisu kilinifanya nisimame mbali kidogo.

"Umefuata nini huku?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Nimekufuata wewe."

"Ningerudi Jumapili."

"Kwa nini Jumapili?"

"Kesho anakuja mama."

Mwanamke mwenye samaki alinisogezea ndoo, nikakaa juu yake. Binti aliendelea kupasua. Baadaye akasema, kama anaongea na samaki, "Akija ataona nimenenepa. Ataona nasoma. Atasema nimekuwa mzuri, turudi nyumbani. Na nyumbani yule mume wake yupo."

"Anakufanya nini?"

"Mkanda. Ule wa upande wa chuma. Mama anatoka nje, anakwenda kuchota maji hata kama ndoo zimejaa."

Hilo halikuwamo kwenye faili lolote. Faili lilisema alitoroka nyumbani akiwa na miaka kumi na miwili kwa makundi mabaya. Nilikaa juu ya ndoo ile nikitafuta neno la kumwambia. Katika mafunzo walisema ukikosa la kusema, msifie kwa jambo moja mahususi, nami nikasema, "Nimependa unavyojua kumparua kambale."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Mama, kambale haparuliwi. Hana magamba."

Wanawake walicheka mpaka wakaweka visu chini. Yeye pia alicheka, na sikuwahi kumwona akicheka. Njiani, tukiwa watatu kwenye pikipiki moja, akaniambia sikioni, "Utanikata alama ngapi?"

"Zote."

"Kutoroka ni hamsini. Iko kwenye kadi."

Nilimweleza afisa kuhusu mkanda, akaandika. Mama mzazi alikuja kwenye vikao vyake kila vilipopangwa, akaitikia kila alichoambiwa, "ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu," mpaka mtu unatamani akatae hata kimoja. Mume wake aliitwa mara mbili, hakuja. Mara ya tatu hakuitwa. Kisha mpango ukafika mwisho wake. Afisa akahamishiwa wilaya nyingine, na mwingine aliyekuja akafungua faili akakuta pameandikwa kwamba malengo yamefikiwa na binti arudi kwa mzazi. Nilikwenda ofisini mara tatu. Mara ya tatu nilijibiwa kwa upole kwamba mimi ni mlezi wa muda, na muda umekwisha. Nilimfungia nguo zake kwenye begi la shule, akaondoka na cheti chenye mhuri.

Hazikupita wiki sita, asubuhi moja nikamkuta amesimama kwenye uzio na begi lilelile.

"Kanyanyua mkanda," akasema. "Nikachukua ufagio nikatoka nje nikafagia. Nimefagia mpaka kwa jirani. Halafu nikachukua begi. Sikumpiga, mama. Na jiwe lilikuwepo."

Nilimfungulia. Hapakuwa tena na mpango, wala afisa wa kunipigia saa mbili, na karatasi za manjano zilikuwa zimekwisha. Yule afisa mpya nilimpelekea taarifa, akaniambia ataiingiza kwenye mfumo. Binti alikaa kwangu miaka minne kwa sababu hakuna aliyekuja kumwondoa.

Ningependa kusema miaka hiyo ilikuwa mizuri. Alifeli kidato cha pili, akarudia, akafeli tena kwa alama zilezile kama aliyenakili. Alikataa kabisa cherehani. Alinidanganya kuhusu mambo madogo ambayo hayakuhitaji uongo, kama vile amekula nini mchana. Akiwa na miaka kumi na minane akabeba mimba ya dereva wa lori la mpunga, na lori halikuonekana tena Ifakara. Nilifoka siku hiyo. Nilifoka kwa miaka yote ambayo sikuwa nimefoka, na nilikumbushia ya jana na ya juzi, mpaka vitambaa vya bluu. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza, akasema, "Mama, nenda kafagie." Nilikwenda.

Mtoto alizaliwa wa kike. Alipofikisha mwaka, yule mume wa mama yake Mang'ula alikuwa ameshahamia kwa mwanamke mwingine, na binti akarudi huko, akapanga chumba, akapata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alianza kwa kushona viroba. Leo ndiye anayeiendesha. Ukimkuta kazini huwezi kumtambua kwa vumbi la pumba, kope zote nyeupe, anapanga foleni ya wanaume wenye magunia na hakuna anayempita. Alikamatwa mara moja tu tangu awe mtu mzima. Mnunuzi mmoja alikuwa anakanyaga mizani kwa kidole cha mguu, akampiga kwa sinia. Alishinda kituoni mchana kutwa, nami nikapanda basi kwenda kumtoa, nikamkuta anamweleza askari makosa ya ile mizani.

Na kila siku, saa mbili asubuhi, ananipigia simu. Ananisomea makosa ya mtoto wake. "Jana kabisha. Kadanganya kuhusu uji. Hajalia, lakini alitaka." Wateja wangu wa sasa wanasikiliza kama walivyosikiliza wale wa zamani. Kwa miaka mingi nililalamikia simu ile kwa kila aliyekuwa tayari kunisikia.

Ilikuwa imepita miaka kumi na moja tangu siku ya benchi alipokuja dada mmoja na kishikwambi. Walikuwa wanafuatilia, alisema, wajue mabinti wa ule mpango wamekuwaje. Aliniamkia, akakaa, akaanza. Je, binti ana kazi? Ndiyo. Je, amemaliza shule? Hapana. Je, amewahi kukamatwa? Ndiyo. Nikaanza kumweleza habari ya mizani na sinia, akasema kwa adabu kwamba pana nafasi ya ndiyo au hapana tu. Je, alipata mimba kabla ya miaka ishirini? Ndiyo. Niliona majibu yangu yanavyojipanga, na binti anayetokea mle sikuwa namjua.

Mwisho akauliza, "Kwa kipimo cha moja mpaka tano, maisha yake ni bora kiasi gani?"

"Bora kuliko ya nani?"

Alifikiri. "Kuliko kama asingepata malezi haya."

"Hilo ungemuuliza mwenzake."

"Tumeshamuuliza, mama," akasema, kisha akaona amesema zaidi ya alivyotakiwa, akafunga kishikwambi.

Wiki mbili baadaye mwenzake alikuja mwenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi na alinukia pombe. Alikuwa bado mrefu, ila jino moja la mbele, pale penye mwanya, halikuwepo. Aliniamkia kama siku ile ile. Nikamwonyesha benchi akae. Nilijua anaishi hapa hapa Ifakara. Nilikuwa nikimwona kwa mbali karibu na stendi akichoma mahindi, na kila mara nilipita upande mwingine wa barabara. Sijivunii hilo.

"Mama, nimesomewa karatasi na wale wa utafiti," alisema. "Imeandikwa kwamba ilikuwa kura."

"Ilikuwa kura."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Nilitamani mteja aingie, hata mwenyekiti wa kwaya.

"Mimi nilidhani ulituangalia ukamchagua yeye," alisema. "Miaka yote hii najiuliza nilikosea nini pale kwenye benchi. Nilikuamkia. Nilikupokea mkoba."

Nilifikiri nampa kitu kizuri. "Mwanangu, mimi nilikutaka wewe," nikasema.

Aliinamisha kichwa. "Afadhali usingesema."

Aliomba maji, akanywa, akaomba tena. Nikamuuliza ilikuwaje kule shule. Akasema siyo pabaya. Walifundishwa kulima na kupika, hakuna aliyemuumiza sana, alikaa miaka mitatu. "Siku ya kutoka walinipandisha basi. Hakuna aliyeniuliza nashukia wapi. Nami nilikuwa sijui." Alirudisha kikombe juu ya meza ya kukatia, akashukuru, akaenda.

Siku iliyofuata, saa mbili, simu ikalia. Haikuwa orodha.

"Kumbe ulimtaka yeye," binti akasema. Mwenzake alikuwa ametafuta namba yake, akampigia.

"Nilikuwa sikujui."

"Ulimtaka yeye."

"Aliniamkia. Wewe ulikuwa unabandua rangi."

"Miaka kumi na moja, mama. Hukusema kwamba ilikuwa kura." Akakata.

Hakupiga kesho yake, wala keshokutwa. Zikapita wiki saba. Saa mbili ikifika nilijikuta nimeshika mkasi nimesimama, na gauni moja la watu nililikata mkono mmoja mfupi. Nilikasirika. Nilimkasirikia binti kwa kununa kama mtoto, yule dada wa kishikwambi kwa karatasi yake, afisa kwa kikombe chake cha vikaratasi, na mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Mume wangu alirudi kutoka mashambani akanikuta hivyo.

"Mpigie wewe," akasema.

"Na yeye si ana simu."

"Kati yenu mtu mzima ni nani?"

Nikamwambia trekta lake linavuja oili uwanjani kwangu. Lakini asubuhi nikapanda basi la Mang'ula.

Mashine ilikuwa inanguruma na foleni ya magunia imefika barabarani. Binti aliniona, akainua mkono nisubiri, akaendelea na kazi. Nilipokaa kivulini nikamwona mwingine, mrefu, amefunga kanga kichwani, anashona viroba. Kichwa hakuinua.

Mashine ilipozimwa kwa chakula cha mchana, binti alikuja akakaa kando yangu. Aliniamkia, lakini hakunitazama.

"Ulimfuata?" nikamuuliza.

"Nilimfuata stendi. Nilimwambia abebe vitu vyake, hakuwa na vitu." Alijifuta pumba usoni kwa kiganja. "Mama, mimi ndiye niliyempiga yule mwanamke wa duka. Huyu alishika mfuko tu. Na mfuko nilimpa mimi. Halafu kikaratasi kikanipa mimi nyumba."

"Usingeweza kujua."

"Wewe ulijua. Ungeniambia ningemtafuta zamani, kabla hajawa hivi."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kujitetea, niliyapanga njia nzima toka Ifakara. Nilimwomba radhi tu, kwa kosa moja, la kunyamaza. Alikaa akichezea uzi wa kiroba. Kisha akasema, "Sijakukasirikia wewe peke yako. Ila nawe umo," na akaniagizia wali maharage.

Simu zilirudi Jumatatu yake. Sasa orodha ni mbili, ya mtoto na ya yule mrefu. Ya mtoto ni fupi. Yule mrefu alidumu kwenye mashine siku kumi na tisa, akaondoka na mabuti ya mpira ya binti. Akarudi baada ya mwezi, bila mabuti. Binti akampokea, akamwekea masharti, mwenzake akayavunja, binti akampunguzia. Nikamwambia anampunguzia mno. Akaniambia yeye alikatwa hamsini, nami nilitaka kukata zote. Sasa anafanya kazi siku tatu, anapotea mbili, na mwenye mashine ameshaanza kuuliza. Nimemwambia binti mtu wa miaka ishirini na mitano siyo wa miaka kumi na minne, na huenda mwenzake amechelewa. Hapendi neno hilo. Analikwepa kama anavyokwepa habari za dereva wa lori.

Mwezi uliopita walikuja wote watatu Ifakara, kumpima mtoto sare ya chekechea. Tulikula, tukabishana juu ya urefu wa sketi, na saa ya basi ilipofika yule mrefu akasema yeye atabaki kwangu mpaka Jumatatu, kama naruhusu. Hakuniangalia alipokuwa akisema. Nina miaka sitini na moja, magoti yananisumbua, na nilishaapa mbele ya watu kwamba sitalea tena mtu yeyote. Binti alikuwa ananitazama mimi, siyo yeye. Nikasema sawa.

Alikaa mpaka Jumatano. Siku ya kwanza alilala tu. Siku ya pili aliosha vyombo vyote, hata vile vya kabatini ambavyo havikuwa vichafu, akatengeneza mlango wa choo uliokuwa umelegea tangu masika yaliyopita, akamsimulia mume wangu habari za shule kwa saa nzima, mambo ambayo mimi sikuwahi kuambiwa. Jumanne alirudi amekunywa, akavunja chungu changu cha mboga, akalia. Jumatano nilipotoka kufungua banda hakuwepo.

Binti aliponipigia nilimwambia yote, hili na lile, bila kuficha.

"Basi atarudi," akasema.

Nikamwambia sijui. Mpaka ninapoandika hajarudi kwangu wala Mang'ula. Mvua zimeanza, maji ya mto Lumemo yameshafika barabarani, na binti amesema mpunga ukipungua mashineni atakuja tumtafute pamoja, kuanzia stendi. Nimemwambia aje na mabuti.